Kinyonga wa Usambara na kamera inayotaja jina

Mwaka 2025 iNaturalist, programu ambayo watu duniani kote huitumia kurekodi mimea na wanyama, ilitoa toleo jipya kwa wenye iPhone na kuliita lile la zamani "Classic". Tofauti kubwa iko kwenye kamera. Zamani ulipiga picha, ukaihifadhi, ukasubiri mtandao ndipo akili mnemba ikupendekezee jina. Sasa modeli ndogo inakaa ndani ya simu: ukimwelekezea mdudu kamera, jina linatokea papo hapo kwenye kioo, hata pasipo na mnara wala bando. Kwa anayetembea misitu ya Usambara au Uluguru hilo ni jambo kubwa, na nalisifu kwa dhati. Lakini toleo la programu kama hii nalipima kwa ubora wa rekodi inayobaki, si kwa wepesi wa kutaja jina, na kwa kipimo hicho toleo jipya lina mtego.

Mtazame, kwa mfano, kinyonga dume mwenye pembe mbili bapa puani, wa jenasi Kinyongia. Kwa muda mrefu vinyonga hawa wa milima ya Usambara, Nguru na Taita walihesabiwa spishi moja, K. fischeri. Utafiti uliochapishwa 2008 ukawatenganisha: K. multituberculata wa Usambara Magharibi, K. matschiei na K. vosseleri wa Usambara Mashariki, K. boehmei wa Taita, na K. fischeri mwenyewe akabakiwa na Nguru na Nguu. Kuwatambua kunataka pembe zionekane kwa ubavu, vijimiiba vya mgongoni vionekane, na mlima ujulikane. Modeli nayo hujifunza kwa picha zilizokwisha kupakiwa. Spishi yenye picha chache mno huachwa nje, kisha hupachikwa jina la ndugu yake anayepigwa picha sana. Misitu yetu ya milimani imejaa viumbe wa namna hiyo. Jina lenye kosa wajuzi watalisahihisha, ila picha ya mgongo ambayo haikupigwa hakuna wa kuirekebisha, na simu ikishataja jina, mkono hushuka. Mtumiaji wa toleo la zamani, akiwa porini bila mtandao, hakuwa na jibu, hivyo alikuwa na kila sababu ya kupiga kichwa, ubavu na hata tawi alikomkuta kinyonga.

Wapo watakaosema kwamba mtumiaji mgeni asiyepewa jina hukata tamaa. Ni kweli, na wageni tunawahitaji sana. Wengine watasema jumuiya itachuja makosa, kwa kuwa rekodi haifikii daraja la utafiti hadi watambuzi wasiopungua wawili wakubaliane. Hapo sikubali upesi: wawili wanaofuata pendekezo lile lile la mashine ni sawa na shahidi mmoja, na rekodi za daraja hilo huingia kwenye GBIF, hazina ya data za viumbe duniani, ambako watafiti huchora ramani za maeneo ya spishi. Dawa imo ndani ya toleo jipya lenyewe: jina likitokea, endelea kupiga picha, kisha uishie kwenye jenasi kama huna hakika. Rekodi ya Lushoto, huko Usambara, iliyoandikwa Kinyongia tu, yenye picha nne safi, mtaalamu ataimalizia; iliyoandikwa K. fischeri kwa picha moja yenye ukungu inamhamishia mnyama huyo kwenye mlima asikoishi.