Kizingiti cha Gari Lisilo na Paa

Siku niliyofika Najma, kabla hata sijanywa maji, Mjomba aliniagiza nifungue mlango. Haukuwa mlango wa nyumba. Ulikuwa wa gari dogo lililosimama uani chini ya turubai la buluu, gari la viti viwili lisilo na paa. Kufunguka, mlango ulifunguka. Kufungwa ukagoma. Nilisukuma kwa kiganja, nikasukuma kwa nyonga, ukingo wake wa juu ukagota kwenye bodi. Mjomba akaingiza jeki chini ya tumbo la gari, akainua kidogo tu, akaniambia nijaribu tena. Ukaingia mahali pake bila kelele.

"Umeona? Mlango hauna kosa," akasema. "Gari ndilo limepinda."

Nilikwenda Doha likizo ndefu iliyopita kumsalimia ndugu huyu wa mama yangu, mtu wa Tanga, ambaye ameendesha magari ya watu nchini Qatar kwa miaka mingi. Sikwenda kutafuta makala. Lakini wiki zile uani zilinifunza jambo kuhusu Kiswahili ambalo darasani nilikuwa nimelisikia tu, nami naona linawahusu wanachama wenzangu na walimu wetu.

Najma ni mtaa wa zamani wa Doha. Jina lake ni la Kiarabu, maana yake nyota; kwetu pwani ni jina la wasichana. Maghorofa ya vioo yanayoonekana kwenye picha za Qatar yako mbali na hapo, upande wa West Bay. Najma ina maduka madogo, nyumba zinazopangwa na watu wengi kwa pamoja, na Souq Haraj, soko la samani zilizotumika, ambako kabati la mtu aliyehama leo hupata mwenyewe mpya kesho. Ukipita jioni utasikia Kihindi, Kiurdu, Kinepali, Kitagalogi, na ukiwa na bahati, mtu akimwambia mwenzake kwenye simu, "Nitatuma mwisho wa mwezi, inshallah."

Gari lenyewe ni MGB la mwaka 1966. Magari ya aina hiyo yaliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na ukihesabu pia yale yenye paa la chuma, yalipita 500,000. Mengi yalipelekwa Marekani, na ndiyo sababu hili la Mjomba lina usukani upande wa kushoto. Yeye na rafiki yake mmoja wa Mombasa walilinunua kwa kuchangiana kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama, likiwa limekaa miaka bila kuwashwa. Nia ilikuwa kulitengeneza na kuliuza. Wapenzi wa magari ya zamani Qatar hawakosekani: kuna chama chao kiitwacho Mawater, na nje ya Doha liko jumba la makumbusho la Sheikh Faisal bin Qassim Al Thani lenye magari ya kale kwa safu. Mambo haya si ya Ghuba peke yake. Nairobi wana mashindano ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako gari la zamani hukaguliwa na waamuzi ndani na nje, hata chini ya boneti.

Kutu iliyojificha

Ili uelewe ugomvi uliotokea, lazima uelewe kwanza gari lisilo na paa linasimama kwa nini. Lori lina chesisi, yaani fremu nzito ya chuma chini, na bodi imewekwa juu yake tu. MGA, lililotangulia MGB, lilikuwa hivyo pia. MGB halina chesisi. Bodi yenyewe ndiyo fremu. Kwenye gari la kawaida paa husaidia kubeba, kama kifuniko kinavyolikaza sanduku. Ukiondoa paa, mzigo wote unabaki chini: kwenye sakafu, kwenye mgongo unaopita katikati ya viti, na zaidi ya yote kwenye vile viboksi viwili virefu vya chuma vinavyopita chini ya milango, kimoja kila upande. Mjomba huviita vizingiti. Vizingiti vikioza, gari linabonyea katikati, na milango inakuwa ya kwanza kukuambia.

Kila kizingiti kina bati la nje, bati la ndani, na jingine katikati. Maji yakiingia humo na vumbi na chumvi, hayatoki. Watu hudhani gari la jangwani halishiki kutu. Ni kweli nusu. Doha ni jangwa, lakini pia ni ufukwe, na usiku wa kiangazi hewa yake ni nzito kwa unyevu wa bahari. Kutu ya kizingiti huanza ndani na kutoka nje. Ukiona rangi imefura kama lengelenge, jua kule ndani mambo yalikwisha zamani.

Mjomba alipogonga kizingiti cha kushoto kwa bisibisi, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini.

Hapo ndipo wale marafiki wawili walipotofautiana. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana, naye alichotaka ni gari jekundu linalong'aa. Rafiki wa Mjomba alipendekeza njia ya mkato: kuziba matundu kwa puti, kupiga msasa, kupaka rangi, kupokea pesa. Asidhaniwe kuwa mtu mbaya. Mkataba wake wa kazi ulikuwa ukingoni, mwanawe wa kwanza alikuwa anaingia sekondari, na fedha alizoziweka kwenye gari lile zilikuwa ada.

"Kila gari la zamani lina puti," alisema. "Hili letu litakuwa la kwanza?"

"Puti ni ya kusawazisha bodi," Mjomba akamjibu. "Haibebi mtu. Huyo bwana atampakia mtoto wake humu."

Nakiri kwamba usiku ule mimi nilimwona rafiki yake ana haki. Mnunuzi alikuwa na uwezo, na mtoto wa Mombasa alikuwa anasubiri sare. Mjomba hakubishana zaidi. Kesho yake alimwambia mwenzake kwamba atamrudishia mchango wake wote, kidogo kidogo kila mshahara, na gari litakuwa lake peke yake, kutu na yote. Walishikana mikono. Mnunuzi akaenda zake.

Kukata na kuunga

Nchini Qatar sheria inakataza kazi za nje kwenye jua kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Sheria hiyo ni ya waajiri na wafanyakazi. Mtu anayehangaika na gari lake uani haimhusu. Lakini chuma kilichopigwa na jua la Doha hakihitaji sheria kukufukuza: ukikishika unaacha ngozi. Usiku nako hatukuweza kuwasha mashine ya kukatia chuma, kwa kuwa majirani wengi hufanya kazi kwa zamu na kulala kwao ni mali. Tukabaki na muda kati ya Alasiri na Magharibi kwa kazi za kelele, na baada ya Isha kwa kazi za kimya: kusugua, kusafisha, kupanga.

Kanuni ya kwanza ya kukata kizingiti ni kutokata kabla ya kufunga. Fundi wa kuchomelea, mzee wa Kipakistani anayekaa nyumba ya pili, aliunga nondo nene kwenye uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, ili bodi isisogee. Jeki na vipande vya mbao vikashikilia tumbo. Upande mmoja tu ukakatwa. Mwingine haukuguswa mpaka wa kwanza ukamilike. Kila baada ya hatua Mjomba alipima kwa futi kutoka pembe hadi pembe, akaandika ukutani kwa chaki. Ukikosea hapo, utaunga gari likiwa limepinda, na litabaki hivyo maisha yake yote.

Kulikuwa na mitego mingine. Nati za MGB ni za inchi, nasi spana zetu zote zilikuwa za milimita, kama zinavyohitajiwa na magari ya Kijapani. Na mwaka ule wa 1966 gari lilikuwa na betri mbili za volti sita nyuma ya viti, na ethi yake ni chanya, kinyume cha magari tuliyoyazoea. Kijana wa umeme kutoka Kampala alikaribia kuunga waya kinyume. Aliponyanyua kichwa kuuliza, Mjomba alikuwa amekwisha kumshika mkono.

Mifuko ya nailoni

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Kila kilichofunguliwa kiliingia kwenye mfuko wa nailoni, na kila mfuko ulitakiwa kuwa na karatasi yenye jina. Nikiwa msomi wa mwaka wa tatu, nilichukua kitabu cha gari na kunakili majina ya Kiingereza kwa mwandiko mzuri. Baada ya siku mbili Mjomba alitaka nati za bawaba ya juu ya mlango wa kushoto. Alipekua mifuko arobaini, asione. Zilikuwapo, zimeandikwa vizuri, kwa lugha ambayo yeye haisomi kwa wepesi na mzee wa kuchomelea haisomi kabisa.

"Wewe unasomea nini huko chuoni?" akaniuliza.

Nikaanza upya kwa Kiswahili, na mchoro mdogo pembeni. Hapo nikagundua kwamba sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha kufanywa na watu wasiojulikana. Mafundi wana boneti, buti, madigadi, shokomzoba, kabureta, klachi, gasketi: maneno yaliyoingia gereji na kukaa kama wenyeji. Wana pia ya zamani zaidi. Parafujo ni la Wareno. Msumari ni la Waarabu. Msasa ulikuwa kwanza mti wenye majani ya kukwaruza, yaliyotumika kulainishia mbao, kabla ya kuwa karatasi ya dukani.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi mzee wa Kipakistani alivyotuelewa. Mjomba akisema gari, yeye husikia neno lake mwenyewe, kwa kuwa Kiswahili kililipata neno hilo kutoka Bara Hindi. Rangi ni vilevile. Mjomba akiuliza, "Tayari?" mzee hujibu, "Tayyar." Akisema "basi," mzee anazima mashine, maana hata kwao "bas" ni kukoma. Na siku mwenye nyumba, Mqatar, alipochungulia uani na kuuliza kuhusu "sukkan", niliruka kama niliyeitwa jina. Sukkan kwa asili ni ule ubao wa nyuma unaogeuza jahazi. Watu wa Ghuba waliliingiza neno hilo kwenye magari, nasi pwani tukafanya hivyohivyo na usukani wetu. Pande mbili za bahari, mabaharia wale wale, na wote walipoona gari walikumbuka chombo.

Lakini kulikuwa na mifuko sita iliyonishinda. Kwa mfano, lile bati la katikati ndani ya kizingiti: kamusi yangu haikuwa nalo, na Mjomba naye hakuwa na jina lake. Nikapendekeza istilahi ndefu ya kidarasani yenye maneno manne. Akacheka. Akatazama bati lenyewe, limesimama kati ya mabati mawili, akasema, "Andika kiambaza." Nikaandika. Mzee wa kuchomelea akaona mchoro, akarudia, "Kiambaza," na tangu siku ile hatukuliita vingine.

Niliondoka kabla gari halijapakwa rangi. Rangi haiwezi kupakwa uani. Litapelekwa eneo la viwanda, ambalo wenyewe huliita Sanaiya, Mjomba akimaliza kulipa deni la rafiki yake. Rafiki huyo alikwisha kurudi Mombasa, na malipo mawili ya kwanza yalimfika. Asubuhi ya safari yangu nondo zilikuwa zimeondolewa pande zote mbili na jeki iko kabatini. Mjomba aliniambia nifungue mlango, kisha niufunge. Niliufunga kwa kidole kimoja.

Kwenye mkutano ujao wa chama nitaleta daftari langu. Lina majina mia moja na kidogo ya vipuri kama yanavyosemwa uani Najma, na matano ambayo bado hayana jina. Nawaomba wanachama walio karibu na gereji, iwe ya baba, ya jirani au ya kona ya hosteli, wapite wasikilize kabla hatujakaa kuyatunga sisi wenyewe. Huenda mtu amekwisha kuyapa majina.