Mvinyo Mwekundu wa Dodoma: Kilichomo Ndani ya Chupa na Maana Yake kwa Mkulima

Mkulima wa Lalago, wilayani Maswa mkoani Simiyu, akimaliza kuchuma pamba anaweza kuihifadhi mahali pakavu kwa wiki kadhaa akisubiri fedha za mnunuzi zifike kwenye AMCOS. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi au Chinangali mkoani Dodoma hana nafasi hiyo. Zabibu iliyoiva ikishakatwa huanza kunywea na kuchacha ndani ya siku chache, na iliyobaki mtini bila kuvunwa huliwa na ndege au kuoza. Anayetaka kuelewa kwa nini Serikali inauzungumzia mvinyo wa Dodoma kila bajeti inaposomwa, na kwa nini chupa inayouzwa dukani Lalago inamhusu mkulima aliye mamia ya kilomita kutoka hapo, aanzie kwenye tofauti hiyo.

Mizabibu ililetwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, na misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji, ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko la kilimo hicho katika miaka ya 1950. Haja ya kwanza ilikuwa divai ya misa. Baadaye zao likatoka kwenye uzio wa misheni na kuingia katika mashamba ya Wagogo, na kituo cha utafiti kikaanzishwa Makutupora, kaskazini mwa mji, ambacho leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Jina la kituo hicho ndilo linalobebwa na aina ya zabibu iliyoenea kuliko nyingine zote za mvinyo katika mkoa huo, Makutupora Nyekundu.

Wengi hudhani mzabibu ni mti wa nchi za baridi. Ukweli ni kwamba mzabibu hauogopi joto bali unyevu, kwa kuwa magonjwa mengi ya ukungu hushamiri majani yanapokaa na maji. Dodoma ipo takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua zisizozidi milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na usiku wake huwa na ubaridi unaosaidia zabibu kutunza uchachu wake. Mahindi hukauka mara nyingi katika mazingira hayo, lakini mzabibu hustahimili.

Jambo ambalo maeneo mashuhuri ya Ulaya hayana ni mavuno mawili kwa mwaka. Huko mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi kali, hivyo huzaa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima huulaza mwenyewe kwa kuunyima maji na kuupogolea, na takribani miezi minne baadaye vishada huwa tayari. Kwa kawaida mavuno ya kwanza huangukia Februari na Machi, na ya pili Agosti na Septemba. Mavuno hayo hayalingani kwa ubora. Zabibu za masika hunywa maji mengi, sukari yake hupungua na huoza kwa urahisi. Za kiangazi huwa tamu zaidi na maganda yake huwa na rangi nzito, nazo ndizo zinazofaa zaidi kwa mvinyo mwekundu wa daraja la juu, ingawa zinahitaji umwagiliaji. Hiyo ndiyo sababu ya shamba la pamoja la Chinangali, wilayani Chamwino, kuwekewa mabomba ya umwagiliaji wa matone.

Rangi ya mvinyo mwekundu haitoki kwenye juisi. Juisi ya zabibu nyingi nyeusi ni nyeupe, na rangi pamoja na ukakasi unaosikika ulimini hutoka kwenye maganda na mbegu. Kwa hiyo kiwandani zabibu hupondwa na kuachwa ndani ya matangi pamoja na maganda yake, huku hamira ikigeuza sukari kuwa kilevi. Takribani gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya kilevi, na hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa mkulima kutovuna mapema kwa kuhofia soko. Zabibu zisizoiva sawasawa hutoa mvinyo hafifu, na sukari inayoongezwa baadaye huleta utamu bila kurudisha harufu wala uzito uliokosekana shambani.

Mvinyo wa mchanganyiko hutokana na zabibu za aina zaidi ya moja. Baadhi ya watu huuona mchanganyiko kama njia ya kuficha kasoro, jambo ambalo si sahihi, kwani mvinyo mwingi wa Bordeaux nchini Ufaransa ni wa mchanganyiko. Kila aina huleta chake. Makutupora Nyekundu inastahimili mazingira ya Dodoma na kuzaa vizuri. Syrah, yenye asili ya Ufaransa, huongeza uzito na harufu inayokaribia pilipili manga. Hombolo, ambako kiwanda cha CETAWICO kilianzishwa na wawekezaji wenye asili ya Italia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zililetwa pia Aglianico ya kusini mwa Italia, inayojulikana kwa ukakasi wake, pamoja na Teroldego na Marzemino za kaskazini mwa nchi hiyo. Mtaalamu huonja kila tangi kivyake kabla ya kuamua vipimo.

Upande wa soko, historia haikuwa nyepesi. Kiwanda cha umma cha DOWICO kilipodorora katika miaka ya 1990, wakulima wengi walikosa pa kupeleka mavuno na baadhi wakaitelekeza mizabibu. Hata baada ya viwanda binafsi kuongezeka, ushindani wa mvinyo wa nje na wa mchuzi wa zabibu ulioagizwa ng'ambo umeendelea kuwabana. Kwa sababu hiyo sheria ya ushuru wa bidhaa imeweka kiwango cha chini zaidi kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zinazozidi asilimia 75, na kiwango kikubwa kwa mvinyo mwingine. Nafuu hiyo humfikia mkulima pale tu kiwanda kinaponunua kweli zabibu zake.

Mnunuzi wa Lalago, Bariadi au kwingineko ana nafasi yake pia. Maneno ya sifa yaliyoandikwa kwa herufi za dhahabu ni ya mtengenezaji. Yenye manufaa zaidi ni yale madogo yanayotaja aina ya zabibu, mwaka wa mavuno, mahali zilikolimwa na kiasi cha kilevi. Aidha, kila chupa inapaswa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo mwananchi anaweza kuikagua kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu kabla ya kulipa.