Ronaldo Aliweka Mbili, Olunga Akajibu

Jumanne, Oktoba 24, 2023, tulikuwa maboyz sita kwa steji ya boda hapa Kite, upande ya Noonkopir, tumezunguka tenje moja. Ilikuwa imeegemezwa kwa chupa ya maji kwa kiti ya nduthi, na vile upepo ya Kitengela inakujanga na vumbi ya ploti zote zinajengwa, ilibidi msee mmoja ashikilie chupa mechi yote. Al-Nassr walikuwa wanamenyana na Al-Duhail ya Qatar huko Riyadh, Champions League ya Asia. Saa ya Riyadh na ya Kite ni moja, kwa hivyo watu walikuwa wametoka job, wengine mjengo, wengine EPZ hapo ng'ambo Athi River, bado wamedunga ovaroli.

Hakuna mtu alikuwa hapo juu ya Al-Nassr. Tulikuwa hapo juu ya Ronaldo. Dakika ya 61 akaweka. Ya 81 akaweka tena, ikawa nne kwa mbili, na steji yote ikapiga ile ruka yake hadi mama wa smokie akageuka. Halafu ya 85, mpira ikamfikia chali mmoja mrefu wa Al-Duhail, akaiweka ndani. Nne kwa tatu. Tukanyamaza.

"Huyo si ni wetu?" msee wa chupa akauliza.

Alikuwa Michael Olunga. Gemu iliisha hivyo, 4-3, lakini hiyo swali ilinishika. Hapa Kite kuna watoi wa darasa la tano wanaweza kukupea maisha ya Ronaldo yote bila kupumua: Madeira, Sporting, Man U, Real, Juve, Man U tena, Riyadh. Waulize Olunga alipitia wapi ndo afike hiyo dakika ya 85. Wanakuangalia tu. Na mimi nasema barabara ya Olunga ndo barabara yetu. Hiyo ingine tunaipenda, lakini kwa mtoi wa Kajiado imefungwa, na imefungwa na sheria. Nitafika hapo.

Kwanza cheki hii. Ronaldo alizaliwa Februari 5, 1985, Funchal. Dennis Oliech alizaliwa Februari 2, 1985. Siku tatu tu. Ronaldo alienda Man U 2003, akiwa na 18. Karibu hiyo time, Oliech naye akatoka Mathare United akaenda Al-Arabi, Doha. Masstraika wawili wa rika moja, wote wametoka home bado ni vijana wadogo. Februari 2, 2004, siku Oliech alifikisha miaka 19, Harambee Stars ilikuwa Tunisia kwa AFCON, ikatandika Burkina Faso tatu bila, na moja ilikuwa yake. Hiyo ndo ilikuwa mara ya kwanza Kenya kushinda mechi kwa AFCON. Ya kwanza kabisa! Mbuyu wangu hukumbuka hiyo mechi kama wengine wanakumbuka harusi yao.

Qatar wakamtaka. Wakamwekea doo mezani abadilishe uraia, apige na jezi yao. Akakataa. Kuna watu mpaka leo wanamwona alipoteza, na siwezi waelewa. Huyo kijana wa 19 aliambiwa aweke bei kwa nchi yake, akasema haiuzwi. Kutoka hapo akapiga Ufaransa: Nantes, Auxerre, Ajaccio. Msimu wa 2010/11 Auxerre ilipangwa kundi moja ya Champions League na Real Madrid ya Ronaldo, ikapigwa moja nyumbani na nne ugenini. Lakini jina ya Mkenya ilikuwa kwa hiyo kikosi.

Sasa Olunga. Huyu ni wa Machi 1994. Wasee humwita Enjinia kwa sababu alikuwa anasomea mambo ya uhandisi Technical University of Kenya huku anapiga ligi. Alishika shule na mpira pamoja, na hiyo ni kitu mathe wengi wa hapa Kite wangependa kuskia. Akapitia Tusker, Thika United, halafu Gor Mahia. 2015 Gor ilichukua ligi bila kupigwa hata mechi moja, na yeye akaweka 19. Mwanzo wa 2016, akiwa na 21, akapanda ndege. Hakuenda Arsenal, hakuenda Barcelona. Alienda Djurgården, Stockholm, mahali straika wa Kiafrika hana jina hadi alitengeneze mwenyewe kwa baridi. Akaweka 12 kwa ligi. Hiyo ikamfungulia Uchina, timu inaitwa Guizhou Zhicheng, na kutoka huko wakamtuma kwa mkopo Girona, Uhispania. Januari 13, 2018, Girona wakalima Las Palmas sita bila, na tatu zilikuwa za Olunga. Hakuna Mkenya alikuwa ameweka hat-triki kwa La Liga kabla yake.

Ukidhani hapo ndo aliomoka, subiri. Girona hawakumweka. Agosti 2018 akaenda Japani, Kashiwa Reysol, na mwisho wa huo msimu timu ikashuka daraja.

Nataka mtu yeyote mwenye ana brathe mdogo anapiga futaa asimame hapa kidogo. Umeweka hat-triki Uhispania, halafu karibu mwaka moja baadaye uko ligi ya pili Japani, mbali na home, luga huijui, kamera hazikuangalii. Wengi hapo ndo huanza kulaumu ajenti, wengine huanza pombe. Olunga akabaki. 2019 akaweka 27 kwa mechi 30 na Kashiwa wakachukua hiyo ligi ya pili. Mechi ya mwisho, Novemba 24, walipatana na Kyoto Sanga. Iliisha 13-1. Olunga peke yake aliweka nane. Nane, gemu moja! Nimerudia kuangalia hiyo video mara mingi, na kitu inanibamba si vile anafunga, ni vile anarudi katikati akikimbia, kama bado wako chini. Mwaka uliofuata, wakiwa ligi kuu, akaweka 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa Japani nzima, na timu yake ilimaliza tu nambari saba. Hiyo tuzo kawaida huendea msee wa timu imechukua ligi.

Al-Duhail ya Doha ikamwita Januari 2021. Msimu wa 2021/22 akamaliza mfungaji bora wa Qatar na 24. Kwa Stars alishakuwa ameweka mbili dhidi ya Tanzania kwa AFCON ya 2019, tukashinda 3-2, na kepteni Wanyama alipostaafu akapewa kitambaa yake. 2025 akahama akaingia Al-Arabi, ile ile timu Oliech alianzia majuu zaidi ya miaka ishirini nyuma.

Sasa ile sheria. Ronaldo alitoka Madeira kuenda akademi ya Sporting, Lisbon, akiwa na miaka 12. Hiyo ilikuwa ndani ya nchi yake. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya 18 kuhamishwa nchi hadi nchi, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama wazazi kuhama kwa mambo zao wenyewe. Kumaanisha hakuna mtoi wa Kisaju ama Isinya atachukuliwa na 12 apelekwe Ulaya kihalali. Mtu akikuambia anaweza, anakudanganya. Mwaka jana kuna msee alikuja hapa na suti safi, akasema ana koneksheni majuu, brathe yangu wa 16 ana kipaji, kilichobaki ni ngiri thelathini tu za makaratasi. Mathe aliuza friji. Huyo msee akaingia mitini na namba ikazimwa. Brathe hakuongea wiki nzima.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikisoma hizi vitu, na kuna moja naona coach wote wa Kajiado wangepaswa kuiandika kwa ukuta. Mchezaji akinunuliwa timu ya nchi hadi ya nchi ingine, asilimia 5 ya hiyo doo hugawiwa timu zenye zilimlea kati ya miaka 12 na 23. Hata timu ya mtaa, mradi imesajiliwa na huyo mtoi alikuwa amesajiliwa nayo. Fikiria hiyo pesa ikirudi kwa timu yenye inafanya mazoezi kwa field ya shule ya msingi, mahali goli ni mawe mbili na mbuzi zinapita kona. Lakini timu nyingi huku hazina hata daftari. Coach anajua watoi kwa jina ya utani. Na wengine wanapunguza watoi miaka ndo wacheze na wadogo, halafu huyo kijana akipata bahati, tarehe za vyeti zinakataa kufanana, na mlango unafungwa hapo hapo.

Field zenyewe zinaisha. Kutoka Kite ukifuata Namanga Road, Kisaju, Isinya hadi Kajiado town, unaona waya na vibao vya ploti mahali tulikuwa tunapiga mpira tukiwa watoi. Kajiado wana Ildamat, uwanja ya ukweli, na nimeona maboyz wametoka mbali na mifugo wakaingia hapo na kandambili, wakakimbia kushinda sisi wa njumu. AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi, Uganda na Tanzania. Hizo kasi za Ildamat ziko wapi kwa hiyo hesabu? Ni nani anaziandika?

Mlango bado uko wazi, hiyo nimeona na macho. Agosti 2025, CHAN hapa nyumbani, Ryan Ogam wa Tusker aliweka moja Morocco wakalala, akaweka ingine Zambia wakalala. Hiyo hiyo Agosti akasainiwa na Wolfsberger, Austria. Tena Austria, si Uingereza. Steji yetu ililipuka kushinda siku ya Ronaldo, na safari hii hakuna mtu aliuliza kama ni wetu.

Brathe alirudi mazoezi mwezi wa tatu. Njumu yake ni ya mtumba, imeshonwa mara mbili, na kwa mgongo ya bibu ameandika 14 na maka, namba ya Olunga. Coach alimpea kadi ya timu, imepigwa muhuri. Mathe aliichukua, akaangalia jina, akaangalia tarehe ya kuzaliwa, akailinganisha na ile ya cheti, moja kwa moja, na kidole. Zinafanana. Sai iko ndani ya Biblia yake, na brathe haruhusiwi kuitoa bila kuomba.