Mtoto mchanga na maji ya Ziwa Kivu: mambo mzazi anapashwa kuangalia

Siku ya yenga, familia nyingi za Goma zinashuka ku ziwa, na mama wengine wanabeba hata watoto wachanga. Waganga wengi wanashauri kungoja kidogo mbele ya kuingiza mtoto mchanga ku ziwa.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anapoteza joto haraka, na maji ya ziwa ni baridi kuliko ya beseni. Dakika 10 zinatosha. Akianza kutetemeka ao midomo kugeuka rangi, atolewe, afutwe na afunikwe mara moja. Asimeze maji, juu yanaweza kubeba kipindupindu.

Hatari ingine haionekani: mazuku, gesi ya kaboni inayotoka ndani ya udongo wa volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya ndani ya mashimo ya kando ya ziwa, zaidi usiku na asubuhi mapema. Mtu mzima akisimama anaweza asisikie kitu, wakati mtoto aliyelazwa chini anakosa pumzi.

Kwa hiyo mtoto asilazwe ku shimo: abakie mikononi, ndani ya maji na inje.