Tafuta Pia "Stanleyville": Vyanzo vya Mwanafunzi wa Saikolojia Kisangani

Mwanafunzi wa saikolojia anayeandika "Tshopo" kwenye Google Scholar, akaambulia kurasa chache na kukata tamaa, hajakosa vyanzo. Amekosa jina. Mkoa wa Tshopo ulizaliwa mwaka 2015, Province Orientale ilipogawanywa. Enzi za Zaïre, kati ya 1971 na 1997, sehemu hizi ziliitwa Haut-Zaïre. Mji wa Kisangani wenyewe uliitwa Stanleyville hadi 1966, na nchi ilikuwa "Congo belge" hadi uhuru. Kila mtafiti aliandika kwa jina la siku zake, nayo mashine hufuata herufi tu, historia haiijui. Basi andika "Stanleyville" pamoja na "enfant" au "école", kisha urudie kwa "Haut-Zaïre", kisha kwa "Orientale". Ni kazi ya dakika chache, na inafungua miaka sabini ya maandishi.

Mfano mmoja wa maandishi ya enzi za ukoloni ni kazi ya André Ombredane. Mwaka 1954 alichapisha Brussels utafiti wake juu ya "Congo T.A.T.", jaribio la picha ambazo mtu huzitungia hadithi, lililorekebishwa ili litumike Kongo. Aliyeichapisha ni Institut Royal Colonial Belge, ambayo leo ni akademia ya kifalme ya sayansi za ng'ambo, na machapisho yake ya zamani yanasomwa bure kwenye tovuti yake. Lugha ya kitabu ni ya kikoloni na inakera. Kisome hivyo hivyo, kwa sababu asiyejua vipimo vya akili na tabia vililetwaje hapa atavitumia kana kwamba vilishuka kutoka mbinguni.

Kuna jambo la pili ambalo wanafunzi wengi wa mji huu hawalijui kuhusu chuo chao. Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, kilianza mwaka 1963 kwa jina la Université Libre du Congo. Mageuzi ya 1971 yalipounganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa UNAZA, saikolojia na sayansi za elimu zilikusanywa Kisangani. Hali ikabaki hivyo mpaka vyuo vilipotenganishwa tena mwaka 1981. Kwa miaka hiyo kumi, huu ndio uliokuwa mji wa saikolojia wa nchi nzima. Hapa pia Benoît Verhaegen aliongoza CRIDE, kituo cha utafiti kuhusu maendeleo ya elimu. Sehemu kubwa ya waliyoyaandika watu wa wakati ule haimo kwenye intaneti. Imo kwenye karatasi.

Ndiyo maana nasema, na wenzangu wa kizazi cha simu watanibishia: anza na rafu. Chukua TFC (kazi za kumaliza mzunguko wa kwanza) na mémoire za waliokutangulia, uzisome kuanzia nyuma. Orodha ya marejeo itakupa majina ya kutafuta. Viambatisho vina thamani zaidi, kwani humo ndimo hukaa hojaji, pengine ikiwa imeshatafsiriwa Kiswahili au Kilingala na kujaribiwa kwa watu wa mitaa unayoijua. Usiinakili kimya kimya. Mtaje aliyeiandaa, na uangalie kama aliipima ubora wake au aliitafsiri tu usiku wa kuamkia utetezi.

Tahadhari hiyo ina msingi. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipekua majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta zaidi ya asilimia 90 ya watu waliochunguzwa wanatoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Ukichukua kipimo cha kiwewe kilichotungwa huko na kumpa mama wa Tshopo aliyepita kwenye Vita vya Siku Sita vilivyopiganwa Kisangani Juni 2000, tafuta kwanza makala inayoonyesha kipimo hicho kilifanya kazi vipi Afrika ya Kati. Kuhusu tukio lenyewe, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inayoitwa "Rapport Mapping" na hukumu za Mahakama ya Kimataifa ya Haki za 2005 na 2022 zinapatikana bure kwa Kifaransa.

Kwa makala za majarida, mlango mkubwa ni Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji. Kongo imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi. Lakini anayesajiliwa ni taasisi, si mwanafunzi, hivyo muulize mkutubi neno la siri kabla ya kulaumu intaneti. Bila neno la siri kuna Persée, yenye matoleo ya zamani ya L'Année psychologique tangu 1894, kuna Érudit ya Québec, na kuna AJOL kwa majarida ya Afrika. Cairn hufungua sehemu tu ya makala zake. Tafuta kwa Kifaransa na kwa Kiingereza pia, maana sehemu kubwa ya utafiti mpya iko kwa Kiingereza. Ukikuta makala imefungwa, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu. Wengi hutuma nakala kwa furaha. Ukipata PDF, ipakue moja kwa moja na kuifungua bila mtandao, usimalize mega zako kwa kuisomea hewani.

Programu za akili mnemba nazo zinatumika sana siku hizi. Zinasaidia kueleza dhana, ila hubuni marejeo yenye majina na miaka ya kuaminika kabisa. Marejeo ambayo hukuyaona kwa macho yako yasiingie kwenye kazi yako.

Na wewe unayetetea mwaka huu, usiishie kupeleka nakala ya karatasi tu. Baada ya kukubaliana na mwalimu anayekuongoza, weka PDF yako Zenodo, ambako kuhifadhi ni bure. Andika kwenye maneno ya utafutaji "Kisangani", "Tshopo" na "Province Orientale", yote matatu.