MTALII NA KAMPUNI: YA NG'AMBO AU YA HAPA KWETU?

Wengi wetu hapa shuleni tunakula kutokana na utalii bila kulifikiria sana jambo hilo. Baba wa huyu ni mpishi hotelini Nyali, dada wa yule husuka nywele za wageni ufuoni. Nami karo yangu hutoka kwa mjomba wangu ninayeishi kwake Changamwe, ambaye ni dereva wa gari la watalii. Kwa hivyo mgeni anapochagua kampuni ya kumtembeza, uamuzi wake unatugusa hata sisi tuliokaa darasani.

Biashara ya kuuza safari nzima kwa mkupuo si ya jana. Mwaka 1841 Mwingereza aitwaye Thomas Cook aliwakusanya watu wapatao 500 akawapeleka kwa gari moshi kutoka Leicester hadi Loughborough, kila mmoja kwa shilingi moja. Leo mtu akiwa kwao Uingereza au Ujerumani hulipia kila kitu kwa kampuni kubwa mara moja: ndege, hoteli, chakula, hata siku mbili za kutazama wanyama Tsavo Mashariki. Akishuka uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa, anamkuta mtu ameshika kibao. Wa pili yeye huiandikia kampuni ya hapa moja kwa moja, wakaelewana bei na siku, basi.

Sasa lipo jambo ambalo wageni wengi hawalijui, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kampuni za ng'ambo kwa kawaida hazina magari yao hapa. Zikishauza safari, kazi huikabidhi kampuni ya mwenyeji. Mjomba ataondoka Jumatatu na karatasi ya kampuni ya Ulaya kwenye kioo cha mbele. Alhamisi ataibandua, apakie wageni walioiandikia kampuni yake wenyewe. Gari ni lile lile lenye paa la kufunguka, dereva yule yule, na ndovu wale wale waliojipaka udongo mwekundu wa Tsavo. Ila yule wa Jumatatu mara nyingi amelipa zaidi, na ile ziada imebaki huko huko kwao.

Je, ziada hiyo ni ya bure? La hasha! Tusiwe watu wa kusema wetu tu ndio wazuri. Katika Uingereza iko sheria kwamba anayeuza safari ya ndege na hoteli kwa pamoja sharti awe na dhamana ya kumlinda mteja. Kampuni iliyobeba jina la Thomas Cook ilipoanguka tarehe 23 Septemba 2019, Waingereza wapatao 150,000 walikuwa nje ya nchi yao. Serikali ilikodi ndege ikawarudisha. Ukiwa mzee wa miaka sabini na hujawahi kutoka kwenu, dhamana kama hiyo si kitu cha kuchezea.

Lakini dhamana hiyo ilimlinda mteja, haikumlinda mwenyeji. Wenye hoteli huko Uhispania, Ugiriki na Uturuki waliachwa wakidai pesa za wageni waliokwisha kula, kulala na kwenda zao. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapo mwenyeji alipona vipi? Na si lazima kampuni ianguke. Mwaka juzi kampuni moja ya nje, ambayo sitaitaja, ilikaa miezi mitano bila kuilipa kampuni ya mjomba. Safari zilikwisha, mafuta yalikwisha, madereva wakaambiwa wasubiri. Muhula huo nilirudi nyumbani mara mbili kufuata karo. Wale wageni waliomwandikia barua ya shukrani hawakujua lolote, maana wao walikuwa wamelipa zamani.

Kwa maoni yangu, mgeni mwenye afya na muda kidogo wa kuuliza na aje kwa kampuni ya hapa. Hata siku akitaka kukaa zaidi penye simba, anayeamua yuko kwenye simu ya dereva, si ng'ambo ya bahari. Hata hivyo aulize! Chini ya Sheria ya Utalii ya 2011 kampuni sharti iwe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, nayo aombe kuiona. Nyingine ni wanachama wa KATO, chama cha wenye kampuni za safari nchini. Yule kijana wa ufuoni anayeuza safari kwa nusu bei na picha za chui mfukoni, ati ofisi yake iko "pale tu", huyo mimi simtetei. Akitoweka na pesa za mgeni mmoja, sote tunaitwa wezi.

Jambo la mwisho la kuuliza ni juu ya dereva mwenyewe, nalo wageni hulisahau kabisa. Chama cha waongoza watalii huwatahini katika ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Mjomba anayo ya shaba na sasa anasomea ya fedha. Jioni hunipa kitabu cha ndege wa porini nimtahini, na hadi leo kozi ndio wanaomsumbua, kwani anasema wakiwa juu angani wote ni mamoja.