Mali bila Daftari: Kibali cha Chama na Usajili wa Magari ya Kale katika Jimbo la Victoria, Australia

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa pale biashara inapozungumziwa: mwenye duka asiyeandika anachouza na anachokopesha hushtukia mtaji umeyeyuka. Hata hivyo, katika jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia, upo utaratibu wa kisheria unaoipa methali hii uzito mwingine. Mwenye gari la kale huko anaweza kuruhusiwa kuliendesha barabarani bila kulisajili kwa njia ya kawaida, mradi awe mwanachama wa chama cha magari kinachotambuliwa na, kabla ya kuondoka, aiandike siku hiyo katika daftari. Asipoiandika, gari lake huhesabiwa mbele ya sheria kuwa gari lisilosajiliwa.

Makala haya yanaeleza utaratibu huo: asili yake, masharti yake na jinsi unavyofanya kazi. Hoja inayojengwa ni kwamba kibali cha chama si usajili wa bei nafuu tu, kama baadhi ya watu wanavyokichukulia. Ni mapatano baina ya pande tatu, yaani mwenye gari, chama na serikali, na mapatano hayo yanasimama juu ya uaminifu wa mtu anayeshika kalamu pasipo mtu wa kumtazama.

Gari la kale na gari kuukuu

Kabla ya kuingia katika masharti yenyewe, ni muhimu kutofautisha istilahi. Kiswahili hakikosi maneno ya kutaja umri wa vitu. Kivumishi -kuukuu hutaja uchakavu: gari kuukuu ni lile lililotumika hadi likachoka. Kivumishi -kongwe hutaja kudumu, na mara nyingi hubeba heshima ndani yake. Neno kale, kwa upande wake, hutaja wakati: gari la kale ni gari la zama zilizopita, liwe limechakaa au linang'aa kama lililotoka kiwandani jana. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya tofauti hizi humezwa na neno moja la dharau, mkweche.

Sheria nazo huchagua upande wa kutazama. Nchini Kenya, kanuni ya uagizaji wa magari yaliyotumika huweka kikomo cha miaka minane. Hapo umri ni kasoro. Lakini katika jiji lilo hilo la Nairobi, mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka wa 1970, yamekuwa yakiwatuza wenye magari na pikipiki za miaka mingi kwa jinsi walivyozitunza. Hapo umri ni fahari. Utaratibu wa Victoria umejengwa juu ya mtazamo huu wa pili. Gari lililotimiza miaka 25 huweza kufikiriwa kwa kibali. Yaliyoundwa kabla ya mwaka wa 1919 yana kundi lake, yaliyoundwa kati ya 1919 na 1930 yana lake, na yaliyofuata, mradi yametimiza umri unaotakiwa, huwekwa katika kundi la tatu. Pikipiki nazo hazikusahauliwa.

Ikumbukwe kwamba kikomo hiki hakisimami mahali pamoja. Kila mwaka unapokwisha, magari mengine huvuka mstari. Gari lililoundwa mwaka wa 1995 lilikuwa la kawaida kabisa mwaka wa 2011. Leo linaweza kuombewa kibali. Kwa hiyo, ukale katika sheria hii si sifa ya kizazi kimoja cha magari, bali ni mlango ambao kila gari litaufikia likijaliwa kuishi.

Kiini cha utaratibu

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini gari la kale lisisajiliwe kama mengine? Jibu limo katika matumizi yake. Mwenye gari la mwaka wa 1928 haendi nalo kazini kila asubuhi. Pengine hulitoa mara moja kwa wiki, siku ya maonyesho au jua linapopendeza. Kumtoza ada sawa na ya mtu anayeendesha kila siku ni kumtwisha mzigo usiolingana na matumizi yake, na huenda ukamfanya alifungie gari bandani moja kwa moja.

Na gari lililofungiwa hufa. Vizibo vya mpira hukauka na kupasuka, breki hushikwa na kutu, betri huishiwa na nguvu, nayo petroli iliyokaa muda mrefu kwenye tangi huharibika na kuziba mirija. Chombo kilichoundwa kwenda huhifadhiwa kwa kwenda. Jimbo linalotaka urithi huu uendelee kuonekana barabarani, badala ya kubaki katika picha, halina budi kutafuta njia ya kati baina ya usajili kamili na banda lililofungwa. Njia hiyo ndiyo kibali cha chama.

Nafasi ya chama

Mwombaji huanza kwa kujiunga na chama cha magari ambacho mamlaka ya usafiri ya jimbo imekiidhinisha. Si lazima kiwe chama kikubwa. Vipo vya aina moja ya gari na vipo vya mji mmoja. Linalohitajika ni kwamba chama kikubali dhamana. Mwakilishi wake hutia sahihi katika fomu inayothibitisha kwamba gari lina umri unaodaiwa na linafikia viwango vinavyotakiwa.

Ukaguzi wa usalama hutegemea umri. Gari lililoundwa baada ya mwaka wa 1948 huhitaji cheti cha mkaguzi aliyeidhinishwa kinachoonyesha kwamba linafaa kuwa barabarani. Yaliyotangulia mwaka wa 1949 huweza kukaguliwa kupitia chama, kwa kuwa wanaoyafahamu vyema breki na taa za enzi hizo aghalabu ni wanachama wenyewe. Gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa, kwa mfano kutiwa injini yenye nguvu kuliko ya awali, huhitaji pia idhini ya mhandisi. Ikiwa gari lilikuwa limesajiliwa kwa njia ya kawaida, usajili huo hufutwa kwanza, kwa sababu gari haliwezi kusimama katika milango miwili.

Uanachama huu si wa kuandikisha jina na kutoweka. Kibali hufanywa upya kila mwaka, na ni sharti mwenye gari aendelee kuwa mwanachama aliyelipa ada. Akiacha chama, kibali hukosa mhimili. Kwa ufupi, serikali imekabidhi sehemu ya mamlaka yake kwa watu wanaojuana, kwa kuamini kuwa mwenzi ni shahidi wa karibu kuliko karani wa mbali.

Daftari na uzito wa mstari mmoja

Utaratibu unaotumika sasa ulianza mwaka wa 2011. Kabla yake, matumizi ya magari haya yalifungamanishwa zaidi na shughuli za vyama. Mabadiliko yalileta uhuru: mwenye kibali anaweza kwenda popote, kwa sababu yoyote isiyokatazwa, kwa idadi maalumu ya siku. Huchagua kibali cha siku 45 au cha siku 90 kwa mwaka. Kilichochukua nafasi ya ratiba ya chama ni daftari.

Daftari hili lisichanganywe na hati ya umiliki ambayo Wakenya wamezoea kuiita logibuku. Hili ni kijitabu cha mistari, na kila mstari ni siku moja. Kabla gari halijaingia barabarani, mstari wa siku hiyo lazima ujazwe. Ukishajazwa, gari linaweza kutoka na kurudi mara nyingi atakavyo dereva hadi saa sita za usiku. Safari ikivuka saa hiyo, siku nyingine imeanza na mstari mwingine unadaiwa. Daftari husafiri ndani ya gari ili lionyeshwe linapoulizwa.

Chukulia mfano wa mzee aliyetoa gari lake Jumapili asubuhi. Ameliosha, amelipasha moto, wajukuu wameingia. Katika furaha hiyo amesahau kuandika. Anasimamishwa na polisi kilomita mbili kutoka nyumbani. Kibali chake hakijakwisha, ada amelipa, breki ni nzima. Hata hivyo, kwa siku hiyo anaendesha gari lisilosajiliwa, na adhabu yake ni ya kosa hilo. Mbaya zaidi, ajali ikitokea, bima huweza kuwa na utata. Kilichokosekana si pesa wala ujuzi wa kuendesha, bali mstari mmoja wa maandishi.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Mwenye gari amekwenda dukani na kurudi, na hakukutana na yeyote. Mstari ungali mtupu, na siku imebaki kibindoni. Hakuna ajuaye isipokuwa yeye. Hapa ndipo utaratibu mzima unapopimwa. Kama wengi watachagua ukimya, siku 45 hazitakuwa na maana, na serikali haitakuwa na sababu ya kuendelea kuviamini vyama.

Mipaka na malalamiko

Kibali kina mipaka mingine. Gari halikodishwi wala halibebi abiria kwa malipo. Likiuzwa, kibali hakimfuati mnunuzi. Naye hulazimika kuanza upya na chama chake. Majimbo jirani yana taratibu zao: New South Wales, kwa mfano, hudai umri wa miaka 30 na hutoa daftari la siku 60, huku shughuli za vyama zikihesabiwa kando.

Malalamiko nayo yapo. Wapo wanaonung'unika kuwa baadhi ya watu hujiunga na vyama kwa ajili ya unafuu wa ada tu, wasionekane mkutanoni mpaka siku ya kutafuta sahihi. Wengine huona kuwa miaka 25 ni michache, na kwamba magari ya kawaida yanapewa heshima yasiyostahili. Hoja hizi zina uzito. Lakini gari lisilothaminiwa leo ndilo litakalokuwa adimu kesho, na anayelitunza wakati wengine wanalicheka ndiye anayelifikisha huko.

Hitimisho

Imebainika kwamba usajili kwa kibali cha chama unategemea mambo matatu: umri wa gari, dhamana ya wenzi na daftari. La kwanza huletwa na wakati, la pili na jamii, lakini la tatu hudaiwa kwa mtu mmoja mmoja, kila asubuhi anapotaka kutoka. Methali ilionya kuhusu mali inayopotea bila habari. Katika jimbo la Victoria mali yenyewe inaweza kuwa imara, imeegeshwa bandani, rangi yake ikimeremeta. Kinachopotea bila daftari ni haki ya kuiendesha.